Mpiga Picha za Mimba wa Kamwokya

Mwanamke anayepiga picha za mimba jirani na kibanda changu cha vitabu chakavu hasemi neno mpaka amalize, na mimi simwamini mtu wa namna hiyo. Mama yangu, aliyekuwa mkunga, alikuwa akipaka mikono mafuta ya shea tunayoyaita moyao, akishika tumbo la mjamzito huku wanawake wote wa nyumba wakitazama. Huyu anamimina uteute baridi tumboni, anageuzia kioo cha mashine upande wake, anatafuna bazoka polepole. Wateja wakitoka nawasikia wakiulizana kama ameona kitu au anataka hongo.

Jana nilimpeleka mjukuu wangu Ayaa. Mimba ina miezi mitano na mtoto hajacheza hata mara moja.

"Mzee, kaa mbali, unamtia hofu," yule mwanamke aliniambia. Sikusogea. Akabonyeza, akahamisha kifaa, akabonyeza tena, na taya likaacha kutafuna. Nikajua anatutungia uongo.

"Dada, geukia kushoto."

Ayaa akageuka akilia. Mwanamke akatafuta tena, kisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa tumbo. "Weebale kujja," alimnong'oneza mtoto, kama Waganda wanavyomshukuru mgeni aliyefika salama. Ndipo akamwambia Ayaa, "Kondo la nyuma limekaa mbele ya tumbo, linameza mateke. Huyu anacheza siku nyingi, ila humsikii."

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakusema mapema. Alinipa mgongo, akajifuta machozi kwa kitambaa cha kupangusia mashine.