Boksi la Lita Arobaini

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mjomba wangu hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha hutikisa kichwa kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa. Ubao haujawahi kumwambia lolote. Yeye huamini umemwambia.

Kibandani kwake, nyuma ya karakana, hutengeneza maboksi ya spika za besi za magari, na huwadharau wote wanaoyatengeneza kwa namna nyingine. Anayetumia kikokotoo, kwake ni karani tu. Mimi, binti wa dada yake, niliyerudi na shahada ya hesabu ananiita Profesa, na hulitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa. Nami kimoyomoyo sikumwona zaidi ya masikio makubwa yaliyobebeshwa kichwa kidogo.

Ndipo mwenye duka la redio za magari akamwagiza boksi la mfano. Likilia vizuri, wateja wake wote wangeletwa kwetu. Likishindwa, wangepelekwa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mjomba alimbatiza Kikokotoo.

Spika ilitaka boksi la lita arobaini. Mjomba akapima sentimita hamsini kwa arobaini kwa ishirini, kwa nje, akajipongeza. Ubao wenyewe ulikuwa na unene wa sentimita mbili. Ndani zilibaki lita ishirini na sita na kitu, na sumaku ya spika ilikuwa bado haijaingia.

Niliona. Kwa kuwa naogopa kusema mbele yake, niliandika hesabu yote kwenye karatasi, nikaiweka chini ya chupa ya gundi. Aliitazama, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

"Leo Profesa ametufaa," alisema bila kunigeukia.

Siku ya tatu boksi likafungwa kwenye buti la gari la mwenye duka. Besi haikuvuma, iligonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Mwenye duka alizima redio, akamuuliza mjomba, kwa upole kabisa, kama hilo ni boksi au ndoo. Kisha akafungua skrubu, akatoa spika yake, akavuka nayo barabara.

Mjomba aliketi juu ya boksi tupu. Hakugonga kitu. Nilifurahi, sikatai, nikaiacha furaha ikolee kwanza ndipo nikamuuliza.

"Mjomba, ile karatasi yangu uliisoma?"

"Niliisoma. Sikuielewa," alisema. "Ungeniambia kwa mdomo, mama, ningesikia."