Kilio cha Mama Dastan

Nasma Masoudi alizaliwa nyuma ya duka la vitenge la baba yake, Mbinga mjini, na chumba alimozaliwa ndimo anamofanyia kazi mpaka leo. Kazi yenyewe majirani hawaielewi vizuri. Ananasa sauti. Alianza kwa kurekodi kwaya za parokia na matangazo ya redio, kisha akajifunza kuzisafisha sauti kwenye kompyuta, na watu wa mbali wakaanza kumtafuta.

Mwaka juzi alitafutwa na Clemence, kijana mwenye kikundi cha watengeneza magemu Dar es Salaam. Walikuwa wamepata ruhusa ya kulitengeneza upya gemu moja la zamani, la enzi za kaseti na televisheni za chogo, ili lichezeke kwenye simu za sasa. Lilikuwa gemu la kutisha: mtu mwenye taa anaingia kwenye ngome ya wafu kumtafuta ndugu yake, anaruka kutoka ukingo hadi ukingo, anapanda mnara hadi mnara. Mashine za wakati ule hazikuwa na uwezo wa sauti, kwa hiyo kila kitu kililia kama saa ya mkononi. Na shujaa akianguka shimoni akafa, kilipigwa kimuziki kifupi cha furaha, utadhani ameshinda.

"Hicho kimuziki kinanikera tangu utotoni," Clemence alimwambia kwenye simu. "Picha tumezichora upya, ngome inatisha kweli. Sasa nataka na masikio yaogope."

Nasma aliipenda kazi ile. Mlango wa ngome aliupata milimani, kwenye kanisa la zamani la matofali, ambako padri alimruhusu kuufungua na kuufunga asubuhi nzima. Maji ya chini ya ngome aliyafuata Mbamba Bay, pale ziwa linapopiga kwenye miamba. Mifupa ya wafu inayojikusanya ilikuwa kahawa kavu ikigeuzwa kwa mkono juu ya kichanja, na geti la minyororo lilikuwa mashine ya kumenyea kahawa, ikizungushwa polepole bila kitu ndani.

Kilichobaki ni kifo. Shujaa anapokufa, Clemence alitaka kisikike kilio cha mwanamke, cha kweli, si cha kuigiza.

Kwenye baraza la duka la kina Nasma alikuwa akishona Walburga, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dastan. Ndiye aliyemshonea Nasma sare yake ya kwanza ya shule, na mama yake Nasma alipofariki, ndiye aliyemchukua akamlaza kwake mpaka usingizi ukamrudia. Masika ile, mwanawe Dastan, aliyekuwa akiendesha bodaboda, aliteleza na pikipiki kwenye mteremko wenye tope. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Alizikwa Litumbandyosi, kwa ukoo wa baba yake. Nasma alikwenda pamoja na majirani, kinasa sauti kikiwa mkobani kama kawaida yake. Jeneza lilipotolewa nje, Mama Dastan alilia. Hakupiga kelele. Sauti ilianzia chini kifuani, ikapanda, ikakatika katikati ya jina la mwanawe, kisha ikaanza upya kwa Kimatengo, maneno ambayo Nasma aliyaelewa nusu. Wanawake wengine walinyamaza wakamwachia nafasi. Nasma naye machozi yalikuwa yakimtoka. Na mkono wake, ndani ya mkoba, ukabonyeza kitufe.

Alipokisikiliza kile kilio nyumbani, alijua kwamba hajawahi kunasa kitu kama hicho. Alijua pia kwamba hawezi kukituma bila kuomba. Akakaa nacho mpaka matanga yakaisha na Mama Dastan akarudi mjini, ndipo akaenda kwake na hedifoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nasma akamweleza yote: gemu, ngome, mtu anayeanguka, na alichokifanya msibani. Mama Dastan alisikiliza bila kubadilika uso.

"Hebu nisikie," alisema.

Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake sakafuni. Akavua hedifoni taratibu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Sikumbuki kulia hivi." Akamrudishia Nasma hedifoni. "Huyo mtu wa kwenye gemu, anakufa mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila mchezaji akikosea anakufa, halafu anaanza tena."

"Na mimi nalia kila mara?"

Nasma aliitikia kwa kichwa.

"Yeye anaamka, anaendelea na kuruka kwake," Mama Dastan alisema. "Wangu hakuamka. Futa, mwanangu."

Nasma akafuta palepale, akimwonyesha. Alipoomba msamaha, Mama Dastan alikwenda jikoni akarudi na chai, wakanywa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nasma zaidi.

Clemence aliposikia, alilalamika. "Si ungenitumia tu? Nani angejua ni nani?"

"Nimeshafuta, Clemence."

"Basi tafuta watu waigize."

Aliwakusanya binamu zake chumbani. Walijitahidi, kisha mmoja akacheka, wote wakacheka. Alipojaribu mwenyewe, sauti ilitoka ya uongo, akaona aibu kuisikiliza. Alichokumbuka cha siku aliyofariki mama yake hakikuwa kilio cha mtu yeyote. Alikumbuka kwamba kwa kitambo hakusikia kitu, si watu uani, si magari barabarani, kana kwamba masikio yamezibwa kwa nta. Akarudi kwenye kompyuta, akafanya kazi wiki hiyo yote, kisha akatuma.

"Faili la kifo halina kitu," Clemence alimpigia.

"Ndivyo lilivyo. Acha maji yapige, upepo uvume, milango ilie. Akianguka, vyote vikome kwa pamoja. Cheza kwanza, halafu uniambie."

Clemence hakupiga tena siku ile. Kesho yake alituma ujumbe wa maneno mawili: Tuache hivyo.

Gemu lilipotoka, Nasma alimwekea baba yake kwenye simu. Mzee Masoudi alivaa miwani, akaketi nyuma ya meza ya duka, akamwongoza yule mtu mwenye taa juu ya ukuta wa kwanza. Aliruka shimo moja. La pili lilimshinda. Sauti zote zikakoma.

Mzee akaigonga simu kwa kidole, akaisogeza sikioni.

"Imezimika?"

"Haijazimika, baba. Amekufa."

Mzee Masoudi akaitazama ile taa iliyolala chini ya shimo, ikizimika.

"Inna lillahi," alisema kwa sauti ya chini, akaiweka simu mezani, akainuka kumpimia kitenge mteja aliyekuwa akisubiri.