Malaika wa Ijumaa Saa Sita

Kule Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakuna aliyejua kufunga kama Mama Marcienne. Kila Ijumaa hakutia chakula kinywani mpaka jua lizame, lakini sindano yake ya asubuhi ya insulini, ya kushusha sukari mwilini, hakuiruka hata siku moja. Mungu alisema funga, daktari alisema choma, naye akawatii wote wawili. Ubaya ni kwamba hao wawili hawakuwahi kukaa pamoja wakazungumza.

Basi ikifika saa sita mchana, katikati ya rozari, jasho humtoka, mikono humtetemeka, macho huona mwanga. Husema maneno ambayo hakuna anayeyaelewa, na kwa hiyo kila mtu huyaamini. Kisha jirani yake Émérance humnywesha chai ya sukari, ambayo hawakuihesabu kuwa chakula, ili "kumrudisha duniani". Naye hurudi kweli. Mgawo wa chakula ulipopunguzwa, kikundi chake cha sala cha Ijumaa kilifurika. Watu waliona kwamba kama njaa ni lazima, afadhali ije na baraka.

Siku alipoanguka kwenye foleni ya maji, walimpeleka hospitali ya Mbarara. Daktari Miriamu akambandika mkononi kidude cheupe, kidogo kama kifungo cha koti, kimpime sukari mchana na usiku kwa siku kumi na nne. Kikundini walikitazama kwa heshima. Wengine walikigusa, kisha wakafanya ishara ya msalaba.

Siku hizo zilipokwisha akaenda tena Mbarara, na daktari akamwonyesha mstari kwenye kioo cha kompyuta. Ulipanda na kushuka kwa adabu, ila kila Ijumaa ulitumbukia shimoni.

"Mama, Ijumaa saa sita wewe nafanya nini?"

"Naongea na malaika."

Daktari hakucheka. "Hii si malaika. Hii ni sukari nashuka. Siku ingine utaenda, hautarudi."

Marcienne alilia njia nzima. Hakulilia kifo; yeye na kifo walikuwa wamejuana tangu Burundi. Alimlilia malaika. Kwa miaka sita ndiye mgeni pekee aliyemjia bila kumwomba kitu.

Ijumaa iliyofuata alijichoma, akala ndizi na maharage, akaenda kusali. Saa sita ikafika. Hakukuwa na jasho wala mwanga, ni tumbo tu lililoshiba. Watu wote walimkodolea macho, na Émérance alikuwa ameshika kikombe tayari.

"Mama Marcienne, leo Bwana anasema nini?"

Angeweza kutetemeka tu, nani angejua? Aliona aibu hata kuwaza hivyo. Akasimama.

"Anasema mule kwanza."

"Amina!" wakaitikia kwa kishindo. Émérance akakitazama kikombe chake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Hakusema tule nini?"