Msiba wa Nahodha wa Angani

Nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yanayopashwa moto, akili yangu hukimbilia angani kwenye nyota. Najua mtacheka. Wenzangu wakisikia harufu hiyo hukumbuka bibi zao, au harusi, au wali wa sikukuu. Mimi namwona Dada Aikande ameketi mkekani, kichwa kimeinamishwa, kitabu kinene kiko mapajani, na vidole vya mama vinatembea kwenye nywele zake.

Tulikuwa tunapanga Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, mwendo mdogo tu kutoka sokoni. Ilikuwa miaka ile ya foleni: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mara nyingine watu walijipanga kwanza ndipo wakaulizana kinachouzwa ni nini. Mama yangu, mtu wa Lindi, alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Baba alikuwa baharia. Aliondoka na meli ya kigeni pale bandarini nikiwa sijaanza shule, akatuma salamu mara mbili tatu kwa mabaharia wenzake, halafu kimya. Majirani walimwambia mama subira huvuta heri. Walimwambia mara nyingi mno, hata ikafika mahali akisikia neno subira anaingia jikoni.

Aikande alikuwa binti wa wapangaji wenzetu waliotoka Kilimanjaro, msichana wa sekondari mwenye nywele nzito ajabu. Kila Jumamosi alasiri alikuja kwa mama kusukwa mtindo wa twende kilioni, mistari mitupu ya kurudi nyuma, kwa sababu shule yao haikutaka mbwembwe. Sasa mjue kwamba mtu anayesukwa hana uhuru. Amebanwa katikati ya magoti ya msusi, akigeuka anapigwa kitana cha bega. Aikande hakupenda kukaa bure, ndipo akaanza kuja na kitabu.

Vilikuwa vitatu, mfululizo mmoja, vimepauka majalada. Mjomba wake aliyekuwa kuli bandarini alivipata kwa mabaharia. Vilisimulia habari za watu waliopanda chombo kikubwa kama mtaa mzima, wakaenda kutafuta nyota ya kuhamia, na kila walipotua walikuta mambo: bahari zisizo na maji, watu wasiolala, vita vya wafalme waliogombea mwanga. Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Aikande alisoma kimoyomoyo kwanza, halafu akatupa Kiswahili chake taratibu, kama anayepembua mchele. Mimi nilikaa pembeni nikishika kibakuli cha mafuta, na kazi hiyo nisingemwachia mtu.

Mama ndiye aliyenishangaza. Hakuwahi kuingia darasani ila lile la watu wazima, jioni, na huko alikuwa bado anahangaika na silabi. Lakini kitabu kile alikishika kuliko sisi. Wiki nzima akichoma vitumbua alikuwa akiniuliza, "Hivi wale wameshatoka kule kwenye baridi?" Kama yuko shangazi yangu huko! Kuna siku alisuka msuko mzima akaufumua, akasema mistari imepinda. Haikupinda. Alitaka sura nyingine isomwe.

Nahodha wa chombo kile alikuwa na mke aliyebaki duniani. Mwanamke huyo alitajwa mwanzoni tu, kurasa chache, amesimama mlangoni. Kisha hadithi ikamwacha ikaenda zake na vyombo na vita. Sisi tulimsahau. Mama kila Jumamosi, kabla hajagawa nywele, aliuliza: "Na yule mke, je?"

"Bado hajatajwa, mama," Aikande alijibu.

"Haya. Soma."

Kisha nahodha akafa. Chombo kilitoboka, watu wanakwisha pumzi, na mlango ulikuwa hauwezi kufungwa ila kwa nje. Akatoka, akaufunga, akabaki huko. Aikande alipofika hapo sauti ikamkatika. Mama akaweka kitana chini, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia. Aikande naye akalia. Mimi nikalia kwa kuwa wao wanalia, na pia nilimpenda nahodha.

Hapo ndipo Bi Saumu, jirani wa nyumba ya pili, alipoingia kuomba moto. Mnajua desturi yetu. Ukikuta watu wanalia huulizi. Unaketi, unalia nao, maswali baadaye. Bi Saumu alitupa kile kipande cha chungu alichokuja nacho kuchukulia makaa, akajifunga kanga kichwani, akaketi, akaangusha kilio kikavuka ukuta. Alikuwa na kilio kinachojulikana mtaani. Kwa kufumba na kufumbua ukumbi ukajaa. Mikeka ikatandikwa, mabenchi yakaletwa, wanaume wakakaa barazani na kofia zao, mama mmoja akaanza kupepeta mchele wa watu. Na hakuna aliyemtaja marehemu, maana katika nyumba ile kila mtu alijua ni habari gani iliyokuwa ikisubiriwa.

"Pole, mama Mwaju. Baharia wetu ametutoka," nilisikia mtu akimwambia mama.

Mimi mwenyewe, niliyekuwapo tangu mwanzo, nikaamini. Nikadhani labda wakati nikilia kwa ajili ya nahodha kumeletwa habari nyingine.

Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa utaratibu, ndiye aliyepita ukumbini akauliza jambo la maana: "Habari hii imeletwa na nani?"

Watu wakatazamana. Aikande, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima, akainua kitabu.

"Shikamoo, mzee. Aliyekufa ni huyu nahodha wa humu ndani."

"Marahaba. Wa humu wapi?"

"Kitabuni, mzee."

"Amefia wapi?"

"Angani."

Mtu mmoja alipaliwa na kicheko, wa pili akafuata, ukumbi ukalipuka. Bi Saumu alisimama akikung'uta kanga. "Machozi yangu mimi nimemwagia mtu wa karatasi!" Waliocheka zaidi wakashikilia ukuta. Lakini mama hakucheka. Alikuwa pale pale mkekani, ameinama, analia vilevile, na kidogo kidogo watu wakamwona, wakanyamaza. Waliondoka mmoja mmoja na mikeka yao. Wengine walimgusa bega walipopita.

Jumamosi iliyofuata nilidhani Aikande hatakuja. Alikuja, na kitabu cha tatu. Mama alimsuka kama kawaida. Katikati ya kichwa akauliza, "Na yule mke? Wamemwambia?"

Aikande alitazama ukurasa. Akafunua wa pili, akarudi. "Hawajamwambia, mama. Bado anangoja."

"Haya," mama akasema, akaendelea kusuka.

Baadaye Aikande alimaliza shule, akapangiwa ualimu mkoani, akaenda na vitabu vyake. Mfululizo ule haukufa. Naambiwa umechapwa tena na tena, na vijana wanausoma kwenye simu wakibishana habari za vyombo na silaha. Mimi nilivikuta vitabu vyote vitatu ukubwani, vimelazwa chini kwa muuza vitabu vya mitumba, nikavisoma kwa Kiingereza changu. Nilipofika kwenye kitabu cha tatu nikakuta ukurasa ule.

Walikuwa wamemwambia. Mabaharia wawili walifika mlangoni kwake, naye akajua kabla hawajafungua midomo. Akawakaribisha, akawapa chakula, wakamweleza yote. Ukurasa mzima. Aikande aliusoma kimoyomoyo, akauruka.

Niliona hasira. Miaka yote ile mama amengoja, na kumbe msichana mmoja alimfungia mlango! Nikakichukua kitabu hadi Mbagala, alikohamia uzeeni, nikamsomea. Nikamwambia, "Aikande alikudanganya, mama."

Mama alicheka kidogo. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kichwa kilikuwa mikononi mwangu. Mtu akificha neno ngozi ya kichwa inakaza. Alikuwa mtoto, ananihurumia. Nimuumbue?"

"Kwa hiyo ulijua mke aliambiwa. Na bado ukaendelea kumngoja baba?"

"Nani alikwambia nilimngoja? Kumlilia mtu ambaye habari yake haijaletwa ni uchuro, nilikuwa siwezi. Siku ile watu walipojaa, mikeka ikatandikwa, nikamlilia, na nilipomaliza nikajua ameshakufa. Eda nilikaa. Sikupaka wanja, sikutia hina, sikuvaa kanga mpya. Kutoka nilitoka, maana vitumbua nani angeniuzia? Mungu anajua. Mlikuwa mnaniona kila siku."

Sikuwa nimeona kitu. Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliwaacha watu waendelee kumwambia habari za subira, na kwa nini kila meli ilipopiga honi alinyamaza nami nikanyamaza.

"Ningesemaje, Mwaju?" akasema. "Wewe ulikuwa bado unamngoja."