Kioo Kwenye Ukuta wa Mama

Saa moja asubuhi, Fundi Kioo amepiga magoti chumbani kwa mama yake, pua karibu iguse ukuta. Mwiko uko chini. Anatazama tu.

Anachokitazama ni kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, kilichobandikwa kwa saruji kukatiza ufa. Ncha moja imeshika upande huu, nyingine upande ule. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka. Kikimaliza masika kikiwa kizima, basi ufa umetulia na unaweza kuzibwa.

"Watu wanataka lipu leo leo," anasema bila kugeuka. "Lakini kuziba ufa unaotembea ni kumpaka poda mgonjwa wa homa."

Msimamo huo umemkosesha wateja wengi, umempa na jina. Kazi yenyewe haikosekani. Chini ya mji huu ardhi inaachana polepole, na mlima wa volkano ulio nyuma yake hufuka moshi unapojisikia. Matetemeko madogo huja na kupita. Watu hushika vikombe vyao, husubiri, kisha huendelea na umbea.

Miaka mitatu iliyopita lilikuja kubwa. Mtaani hapa halikuua mtu, ila liliipasua nyumba ya mama kuanzia dirishani hadi kwenye msingi.

Tangu hapo mama anaishi kwa mwanawe, katika vyumba viwili vyenye watoto watatu. Mke wa fundi anampenda mama mkwe wake, hilo halina ubishi, ila kila mmoja ana mkono wake wa chumvi na sufuria ni moja.

"Nimechoka kuwa mgeni," anasema mama, amekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni. "Nyumba niliyojenga na marehemu baba yao, leo naiombea ruhusa kwa kipande cha dirisha!"

Fundi anacheka. Mwaka jana kioo cha kwanza kilivunjika, naye akatangaza kwamba ukuta bado unatembea. Mama alilia siku nzima. Fundi akabandika kingine, wakaanza kusubiri upya.

Halafu asubuhi moja akamkuta mama, ambaye huja kufagia nyumba yake kila siku, anakisugua kioo kwa kitambaa na maji ya sabuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Si kina vumbi? Mgeni akiingia ataniona mchafu."

"Na kile cha kwanza?"

"Nacho nilikisafisha. Ila kile kilikuwa dhaifu, mwanangu."

"Nilishika kichwa," fundi anakumbuka. "Ningemkasirikia vipi? Huyu hata paa liondoke, atafagia kwanza."

Mama akapigwa marufuku kuusogelea ukuta. Sasa masika yamekwisha na leo ndiyo siku ya jibu. Yeye hakulisubiri: furushi lake la nguo liko mlangoni tangu alfajiri.

Fundi anainuka, anafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, mabati yanaanza kugongana na sakafu inayumba.

"Nje! Nje!"

Anamvuta mama mkono mpaka uani. Ndoo inabiringika nyuma yao. Kisha kimya, na jirani anapaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Mko salama huko?"

"Salama!"

Fundi hana haraka. Huenda likaja la pili. Hatimaye anaingia peke yake, na anakawia. Mama amejishika mdomo.

"Sema basi, mwanangu, unaniua!"

"Kizima, mama! Hakina hata mstari!"

Mama anaketi palepale vumbini, anacheka huku machozi yanamtoka.

Jumatatu fundi ataanza kuushona ufa kwa wavu wa chuma, kisha azungushe mkanda wa zege juu ya madirisha ili kuta zishikane. Baadaye anataka kuwafundisha mafundi wenzake wa mtaani kazi ya kioo, wakikubali kuwa na subira.

Mama ana ombi moja tu: lipu isikifunike kioo chake.

"Nitakiacha," anasema fundi. "Lakini mama…"

"Najua, najua. Sikigusi."

Anaingia ndani na furushi lake, anasimama mbele ya ukuta. Tetemeko limeacha vumbi jembamba juu ya kioo. Mama anakiangalia, anaguna, na mkono wake tayari unatafuta kitambaa.