Mama amemjibu baba mdogo filamu ikiendelea

Leo mama yangu amemkataa baba mdogo mbele ya majirani.

Tangu baba afariki, mdogo wake anataka kumrithi mama. Mama alikuwa hajampa jibu.

Mchana tulikuwa sebuleni kwetu Katubuka, tunatazama filamu na majirani. Mjane kwenye filamu akawaambia wakwe zake, "Mimi si mali ya urithi."

Akina mama wakapiga vigelegele!

Baba mdogo, aliyekuwa ameketi mlangoni, akaniamrisha, "Zima! Hizi ndizo zinazoharibu wanawake."

Rimoti nilikuwa nayo mimi.

Mama akasimama, akasema, "Usizime." Kisha akamgeukia. "Shemeji, umeniuliza tangu arobaini. Jibu ni hapana. Nitabaki hapa na wanangu."

Jamani, baba mdogo akainuka, akamsogelea mama. Nikajua atampiga. Nikaingia katikati, na woga wangu wote.

Akanitazama, akavaa ndala zake. "Tutaonana kwenye kikao cha ukoo."

Mama hakukaa mpaka baba mdogo alipoondoka.

Kikao ni Jumapili, kijijini Simbo. Nitakaa kando ya mama.

Mliopitia haya, niambieni: tukifika pale, tuanzie wapi?