Nusu ya Chini ya Karatasi

Mwanangu Safina ana mkono mwepesi wa kupiga chapa. Alijifunza Mbeya kwa shangazi yake, na aliporudi Tukuyu akakigeuza chumba chetu cha mbele, hapa mtaa wetu wa Bagamoyo, kuwa ofisi: taipureta moja na mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Watu walimletea barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, ratiba za kwaya. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nachambua maharage na kusikiliza. Niliishia darasa la nne, lakini polepole nasoma, na karatasi nyingi zilizotoka pale nilizisoma. Safina hakupenda. Alisema namchungulia kama polisi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Zamani dawa za shamba zilitoka ushirika, na bwana shamba alizieleza kwa mdomo. Sasa kila mwenye fremu ya duka aliuza. Jirani yetu Ismael alileta madebe kutoka Mbeya akawa anapunguza kwenye chupa tupu za soda, maana mkulima wa kijiji cha Suma mwenye robo eka ya viazi anunue debe zima la nini? Chupa zile hazikuwa na maandishi, na watu walianza kumrudia wakiuliza hii ya wapi na ile ya wapi. Ndipo akaja kwa Safina.

"Dada, nitengenezee karatasi. Moja ya dawa ya kahawa, moja ya mahindi, moja ya maharage. Mteja akinunua, namfungia chupa na karatasi yake."

Stensili, zile karatasi za nta zinazochapwa na kuwekwa mashineni, wakati huo zilikuwa za kusakwa. Safina akafikiri. Nusu ya juu ya kila karatasi ilikuwa tofauti: dawa hii ichanganywe vipi, inyunyizwe lini. Nusu ya chini ilikuwa ileile: usinyunyize upepo ukikuelekea, usivute sigara, nawa kwa sabuni, weka mbali na watoto, na mtu akiimeza mtapishe upesi kisha umwahishe hospitali. Basi ile ya chini akaichapa kwenye stensili moja tu. Karatasi ikawa inapita kwenye mashine mara mbili, mara ya kwanza juu, mara ya pili chini. Stensili ya chini ikimaliza kazi aliifuta wino, akailaza katikati ya magazeti kungoja dawa nyingine.

Ismael alicheka. "Wewe dada ukifungua mgahawa utachemsha chai Jumatatu, watu wainywe mpaka Ijumaa."

"Ikiwa bado tamu, wewe unapungukiwa nini?" Safina akamjibu.

Nilifurahi naye. Ilikuwa akili, na ni akili mpaka leo.

Kisha ikaja dawa mpya ya viazi. Ismael alileta chupa moja mezani ili Safina aandike nusu ya juu. Nilipopita na ndoo ya maji nikasikia harufu. Niliweka ndoo chini, nikarudi nikanusa tena.

"Safina, hii inanuka mafuta ya taa."

"Mama, kwako kila kitu kinanuka."

Nilirudi kwenye ndoo yangu, lakini siku zilizofuata maneno ya zamani yalinirudia. Safina alipokuwa mchanga, nesi wa kliniki alitukalisha akina mama kwenye benchi akatuambia: mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, yatamwingia kwenye mapafu. Sikujua kama dawa ya viazi ni ndugu ya mafuta ya taa au ni harufu tu. Karatasi ilisema mtapishe. Na chupa zilikuwa zinaondoka, kila siku naziona zinapita mlangoni kwenye vikapu vya watu.

Nilimwuliza tena asubuhi, nikamwuliza mchana. Mwishowe akachukua debe la Ismael, akaenda nalo kwa Amoni, bwana shamba. "Naenda ili upate kulala," aliniambia.

Aliporudi hakuvua hata viatu. Alikaa mbele ya mashine.

"Imeandikwa kwenye debe, kwa Kiingereza, herufi ndogo," alisema. "Asitapishwe. Amoni amenisomea mara mbili."

Ismael aliitwa. Alishika kiuno. "Nimeshauza nyingi. Wengine nawajua kwa sura tu."

Safina alichapa vipande vidogo: DAWA HII YA VIAZI IKIMEZWA, USIMTAPISHE MGONJWA. MPELEKE HOSPITALI MARA MOJA. Mimi nikapika gundi ya unga. Tukaanza kuzunguka. Kijiji cha Ibighi watu walitupokea vizuri, tukabandika, tukaenda. Niliona kazi itakuwa nyepesi.

Kwenda Suma tulipanda lori la ndizi, mvua inanyesha. Ismael alikuwa ametuelekeza kwa mama mmoja mjane, Atuganile, anayelea wajukuu. Tulimkuta jikoni. Wajukuu walikuwa wamejaa mlangoni, mdogo kabisa ndiyo kwanza anatambaa, na macho yangu yalikwenda sakafuni kutafuta chupa kabla sijamaliza kusalimia.

Atuganile alisoma elimu ya watu wazima, na alipenda karatasi. Ukuta wake wote ulikuwa magazeti, na karibu na mlango alikuwa amebandika karatasi tatu za Safina: ya kahawa, ya maharage na ya viazi. Alimsikiliza Safina mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Binti, hizi hapa tatu. Zote zinasema mtapishe. Wewe umekuja na kijikaratasi kama tiketi, kinasema usimtapishe. Mashahidi watatu washindwe na mmoja?"

"Bibi, hii ya viazi ilikosewa."

"Na nyingine zikakosea nayo pamoja? Zilikutana wapi?"

Safina alinitazama. Ningeweza kumsemea, kwa Kinyakyusa hata, lakini macho yangu yalikuwa chini. Mtoto mdogo alikuwa ameshika mguu wa kiti.

"Bibi," Safina akasema, "hao si mashahidi watatu. Ni mimi peke yangu. Maneno ya chini niliyaandika mara moja, nikayapiga kwenye karatasi zote. Ya kahawa na maharage bwana shamba ameyapitia, ni sawa. Ya viazi sikuuliza."

Atuganile aligeukia karatasi zake. Alipapasa mistari ya chini kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akiona inafanana mpaka doa la wino.

"Kumbe ni mdomo mmoja," alisema. "Na hii ya kunawa? Na hii ya upepo? Nayo hukuuliza?"

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Niliona atazibandua zote, anyunyize apendavyo.

Safina hakujitetea. Alivuta kigoda, Atuganile akaleta chupa zote tatu kutoka chini ya kitanda, wakapitia mstari kwa mstari, chupa kwa chupa, kama Amoni alivyomsomea. Hii ya kunawa ni kweli kwa zote. Hii ya upepo ni kweli kwa zote. Hii ya kutapisha, kwa chupa ya viazi hapana. Atuganile akamwita mkwe wake kutoka shambani, akamtaka Safina aseme upya, na mkwe arudie.

"Sasa bandika," alisema. "Bandika na kwenye chupa. Ukuta hauwezi kumezwa."

Chupa zikapanda juu ya kabati. Nilisema ndaga, asante yetu ya Kinyakyusa, mara nyingi kuliko inavyopasa.

Siku hizi stensili ya chini ni fupi. Imebaki na yale ambayo Amoni amekubali kuwa ni kweli kwa kila dawa, na mstari wa kumeza Safina anauandika upya kila mara, debe likiwa mezani. Wanunuzi wengi tuliwapata. Lakini Ismael anamkumbuka mwanaume mmoja mwenye koti la mvua, aliyenunua ya viazi akaondoka kwa haraka, na hajui alikuwa wa upande gani. Safina husema huenda alishaimaliza shambani.

Huenda. Nikisikia kuna mtoto amelazwa, naenda kuuliza amekunywa nini kabla sijauliza ni wa nani.